Kwa Nini Seli Hubandika Makombo Ukutani

Ninyi mnaokohoa humu ndani, songeni karibu. Na wewe Mwanaheri, futa pua kwanza. Umeniuliza kwa nini mafua yakuingie kutoka nje, halafu koo lako mwenyewe ndilo likuadhibu. Hilo ni swali la haki kabisa. Jibu lake linaanza zamani sana, wakati kuta za seli zilikuwa laini kama ganda la yai.

Mwili wa mtu ni nchi, na raia wake ni seli, wadogo kuliko chochote ambacho jicho linaweza kukiona. Kila seli anaishi peke yake katika nyumba yake, na ndani ya nyumba kuna jiko linalopika protini mchana kutwa. Zamani hizo hakuna aliyejua jirani yake anapika nini. Ilikuwa ni adabu kutojua. Ukuta safi usio na kitu ndio ulikuwa fahari ya mwenye nyumba.

Ulinzi ulikuwa mikononi mwa askari weupe. Hawa walisomea kazi yao katika chuo kilichokuwa nyuma ya mfupa wa kifua, chuo kikali ambacho wengi walioingia hawakutoka. Lakini pamoja na masomo yote hayo, askari hakuweza kuona ndani ya nyumba ya mtu. Alipita, akagonga ukuta, akauliza, "Hodi! Kwema humo?" Wa ndani akajibu, "Kwema!" Askari akashukuru, akaenda zake. Huo ndio ulikuwa ulinzi.

Katika mtaa wa Koo, ambao ni mtaa wa unyevu na upepo mwingi, aliishi seli mmoja jina lake Shumbana, hodari wa kupika na mzembe wa kufagia. Siku moja alikosea mapishi, akatoa protini za ajabu zenye umbo la kiganja kilichokunjuliwa. Akaona hasara kuzitupa. Akazipachika ukutani kwa nje, ziwe za kushikia makombo ya jikoni mpaka apate nafasi ya kuyazoa. Nafasi hiyo hakuwahi kuipata. Basi ukuta wa Shumbana ukawa umejaa viganja, na kila kiganja kimeshika kipande cha kile alichopika.

Jirani yake Mwatumu, ambaye ukuta wake uling'aa mpaka ukamwakisi mpita njia, hakulala kwa aibu.

"Shumbana, mwenzangu," alimwambia, "hata kama ufagio umekushinda, huoni haya? Mtaa mzima unajua umepika nini!"

"Na wajue," alijibu Shumbana. "Kwani nimepika cha kuiba?"

Mwatumu akawashitakia majirani wengine, nao wakakubaliana wasimsalimie. Shumbana aliumia, maana alipenda sana mazungumzo. Lakini hakufagia.

Ndipo akaja Kirusi. Aliingia mjini kwa upepo wa chafya ya mtu mwingine, kijana nadhifu, amejifunga vizuri, hana mzigo. Kirusi hana jiko, hana chungu, hana hata mwiko. Anajua mapishi ya kitu kimoja tu, nacho ni yeye mwenyewe. Alitazama mtaa mzima, akachagua nyumba yenye ukuta uliong'aa kuliko zote.

"Shikamoo, Mama," alisema mlangoni kwa Mwatumu. "Mimi ni mpita njia tu. Naomba kupumzika kidogo."

"Marahaba, mwanangu! Hebu tazama kijana alivyolelewa!" Mwatumu akafungua.

Haukupita muda Kirusi akawa jikoni. Akaepua chungu cha mwenye nyumba, akakimwaga, akateleka humo mapishi yake. Wa kwanza kutoka chunguni alikuwa Kirusi, wa pili Kirusi, na waliofuata wote walikuwa na sura ile ile, na wote walisema shikamoo. Mwatumu alibanwa pembeni mwa nyumba yake akiitikia marahaba mpaka sauti ikamkauka. Askari Shaame, aliyekuwa wa zamu, akapita na kugonga.

"Hodi! Kwema humo?"

"Kwema!" walijibu Virusi wote kwa pamoja.

Shaame alishangaa kidogo kusikia Mwatumu ana sauti nene hivyo, akadhani ni mafua. Akaandama njia yake. Jioni ile nyumba ya Mwatumu ilijaa mpaka ikapasuka, matumbo yake yakatapakaa mtaa mzima, na Virusi wakamwagika nje wakitafuta pa kupumzika. Kila ukuta uliong'aa ulifunguliwa mlango. Nyumba zikawa zinapasuka kushoto na kulia, na kila askari aliyegonga aliambiwa kwema.

Hatimaye Kirusi mmoja alifika kwa Shumbana. Hakupapenda, aliona ni pachafu, lakini nyumba nzima zilikuwa zimebaki chache. Shumbana alimkaribisha kwa furaha kubwa, maskini, maana kwa muda mrefu hakuwa amepata mgeni. Alipotambua mgeni huyu ni wa namna gani, mapishi mengine yalikuwa yamekwisha kutelekwa.

Alipiga kelele, hakuna aliyesikia. Alijaribu kumzuia, akasukumwa. Akabaki na mazoea yake tu. Kila kilichoanguka sakafuni katika pilikapilika ile, mguu wa Kirusi huku, kipande cha koti la Kirusi kule, alikiokota, akakitoa nje na kukibandika kwenye kiganja ukutani. Virusi walimwona, wakacheka. Waliona ni mwanamke mchafu anayeendelea na uchafu wake.

Shaame akapita. "Hodi! Kwema humo?"

"Kwema!" wakajibu.

Shaame alikuwa ameshageuka aondoke pale jicho lake lilipotua kwenye kiganja kimoja. Akakigusa kipande kile. Akagusa cha pili. Kwa miaka yote aliyopita mtaa huu, makombo ya Shumbana aliyajua kama anavyojua jina lake, na haya hayakuwa yake.

"Shumbana," aliita taratibu, "leo umepika nini?"

Sauti yake ikasikika kwa mbali, chini ya kelele za Virusi: "Leo sikupika mimi, kaka Shaame."

Shaame akaelewa. Akaelewa pia kazi iliyokuwa mbele yake, na kwamba nyumba ya seli haibomolewi mwenyewe akabaki.

"Dada," alisema, "nikiingia, siwezi kukutoa."

"Najua. Wakitoka hapa watakwenda kwa wengine. Bomoa."

"Una neno la mwisho?"

"Waambie hao majirani," alisema Shumbana, "kwamba nilikuwa nakaribia kufagia."

Shaame akaukumbatia ukuta, akautoboa, akapenyeza dawa yake ya kubomolea. Na hapo mtaa ukaona ajabu. Nyumba ya Shumbana haikupasuka. Ilijikunja yenyewe, chumba kwa chumba, ikajifunga katika vifurushi vidogo visivyovuja hata tone, na Virusi wote wamo ndani. Walipokuja wazoaji taka, hawakukuta hata punje moja ya kuokota chini. Hapakuwahi kuondoka seli kwa usafi namna ile.

Seli waliobaki walikutana wakilia na kubishana. Kulikuwa na jambo la kujivunia na jambo la kuonea haya, na hawakujua waanze na lipi. Mwishowe walikata shauri kwamba kila nyumba itokeze viganja ukutani, na kila mwenye nyumba abandike humo makombo ya anachopika, askari wapite wayatazame. Seli wekundu wa damu peke yao walisamehewa. Wao walikuwa wamekwisha kuvunja majiko yao ili wapate nafasi ya kubebea hewa, na asiye na jiko atatoa wapi makombo?

Kirusi naye hakukubali kushindwa. Aliporudi safari nyingine, kila alipoingia alianza kwa kuvirudisha viganja vyote ndani. "Ukuta safi," alisema, "kama enzi za wastaarabu."

Bahati yake mbaya siku hiyo zamu ilikuwa ya askari Faki. Faki hakuwahi kupita chuo cha kifuani, wala hakuwa na subira ya kuchunguza makombo ya watu. Alisimama mbele ya ukuta uliong'aa akajikuna kichwa.

"Hodi! Mbona ukuta mtupu?"

"Tumefagia!" wakajibu Virusi.

"Mtaa huu?" akasema Faki, akabomoa.

Na tangu siku hiyo, kila seli mwenye jiko katika mwili wa mtu hutokeza viganja ukutani na kubandika makombo yake mchana na usiku. Kipande cha kwao askari hukiacha, wakiona cha kigeni huibomoa nyumba, na yenye ukuta usio na kitu huibomoa vilevile. Viganja vya kila ukoo vina umbo lake. Ndiyo maana mtu akipewa figo ya mtu baki, askari huziona kuta zimetokeza viganja wasivyovijua, wakaanza fujo, na daktari akalazimika kuwatuliza kwa dawa maisha yote.

Kwa hiyo Mwanaheri, maumivu hayo ya kooni ni Virusi wanaopasua nyumba, na ni Shaame na Faki wakiwa kazini. Usiwatukane. Kunywa huo uji ungali moto, umalize bakuli. Kule chini kuna mtaa mzima wa kujengwa upya, na tofali hawana.