Mikono ya Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba mwaka tauni ilipoingia katika mji mmoja kando ya mto Furati, na liwali akaamuru kila mtu abaki nyumbani kwake, alikuwapo katika mji ule mwanamke mcha Mungu akiitwa Rabab binti Suwayd. Mumewe Suhaym, fundi wa matandiko ya ngamia, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kufariki, Mola amrehemu. Alimwachia mabinti wawili: Lubaba, aliyekuwa na miaka tisa, na Safana, ambaye hata mitano alikuwa hajafikisha.

Rabab alikuwa na elimu, na kabla ya tauni wanawake wa mtaa walizoea kukusanyika uani kwake kusoma. Milango ilipofungwa hawakuacha. Nyumba zao zilikuwa na paa bapa na zilishikana, basi baada ya Adhuhuri kila mmoja alipanda juu ya nyumba yake, na Rabab juu ya yake, akawasomesha kwa sauti. Walipomwona hatoi chozi juu ya mumewe, waliambizana kwamba subira yenyewe ndiyo ile. Naye, Mungu amsamehe, alipenda kulisikia neno hilo.

Lakini kukaa siku arobaini ndani ya kuta nne na watoto wawili, huku majeneza yakipita mlangoni, si jambo jepesi hata kwa mwenye elimu. Akishuka kutoka darasani Rabab alikuwa mtu mwingine. Safana akimlilia baba alimkaripia. Bakuli likianguka, hasira ilimpanda. Mara nyingine alijifungia ghalani kwenye magunia ya shayiri, akauma ushungi wake ili asisikike, kisha akatoka uso mkavu na kuwaambia wanawe, "Watoto wa waja wema hawalii."

Lubaba hakulia. Ndugu zanguni, mtoto akinyamaza sisi wazazi hushukuru. Twaona tumepata nafuu, wala hatuulizi kimya kile kimetoka wapi. Lubaba alinyamaza, akaanza kutawadha. Alitawadha kwa kila sala, kisha akatawadha tena, akarudia viganja, akasugua katikati ya vidole, akarudi mwanzo. Mara nyingi mama yake alitoa salamu ya kumaliza sala ilhali mtoto bado ameshika birika la kutawadhia. Wanawake walimwona kutoka juu wakasema, "Mashaallah, huyu atakuwa walii." Rabab akaona fahari, na Safana akichezea maji akawa anaambiwa, "Mtazame dada yako anavyojitwahirisha!"

Yapo aliyoyaona Rabab asiyafahamu. Lubaba hakumpa mtu kitu mkononi tena. Mkate aliuweka chini, akarudi nyuma hatua mbili, ndipo mama auokote. Rabab aliona ni heshima. Safana akitaka kubebwa, dada yake alificha mikono ndani ya mikono ya kanzu. Rabab aliona ni haya ya msichana anayekua. Ngozi ya viganja ilipopasuka na kutoka damu, alimpaka samli, akamwambia Mola atamlipa.

Ikawa siku moja kabla ya Alasiri, mlango ukabishwa. Alikuwa Ummu Kulaib, mwosha maiti wa mtaa, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo safi, ambaye siku zile watu wakimwona walikuwa wakivuka upande wa pili wa njia.

"Bi Rabab, nina maiti nyumba ya tatu hapo, na wachukuzi wa maji hawajapita tangu juzi. Nipe maji nimwoshe mja wa Mungu."

"Karibu. Mtungi wetu asubuhi ulikuwa umejaa," akasema Rabab, akaenda kuuinamisha. Mtungi ulikuwa mkavu. Pembeni, juu ya jiwe la kutawadhia, Lubaba alikuwa amechuchumaa na birika, akisugua, na tone la mwisho lilikuwa likichuruzika kwenye ufa wa sakafu.

Rabab aliona giza. Siku arobaini zote zilimpanda kichwani kwa mara moja: kifo cha mumewe, kilio cha Safana, aibu ya kukosa maji ya kumpa maiti. Akaunyanyua mkono ili ampige.

Mtoto hakukwepa. Alisimama, akamnyooshea viganja vyote viwili, vyekundu, vimepasuka.

"Nipige hapa, mama. Mikono hii ndiyo iliyomwua baba."

Mkono wa Rabab ukabaki hewani.

"Nani amekwambia maneno hayo?"

"Wewe," akasema Lubaba. "Siku ile nilipomletea baba maji nimetoka kucheza na udongo. Ulisema mikono yangu michafu itatuua sote. Baba akacheka, akanywa. Kisha akafa. Sasa naogopa nitakuua na wewe, na Safana."

Rabab akakumbuka. Alikuwa amelisema kweli, kwa sababu siku ile jeneza la kwanza lilipita mtaani na hofu ilimjaa. Akalisema, akalisahau hata kabla maji hayajanywewa. Na sasa neno "Sikusema hivyo" lilikuwa limekwisha kufika kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa neno jepesi. Ummu Kulaib yuko mlangoni anasikiliza, na yeye huingia kila nyumba. Wanawake walio juu ya mapaa wanamwona Rabab kuwa ni mfano wa waja wema. Angekanusha, mtoto angeaminiwa na nani? Lakini alizitazama zile nyufa za viganja, akaogopa kwamba uongo huo ungemmaliza mwanawe, na yeye angeulizwa mbele ya Mola wake.

Akapiga magoti hapo hapo kwenye maji.

"Nilisema, mwanangu. Nilisema, na haikuwa kweli. Nilikuwa naogopa, nikakutupia wewe hofu yangu. Baba yako siku yake ya kufa iliandikwa kabla hujazaliwa, na maji yale aliyanywa kwa furaha kwa sababu yalitoka kwako. Nilikudhulumu. Nisamehe."

"Wewe huogopi," akasema Lubaba kwa mshangao. "Wewe hata hulii."

"Naogopa kila siku. Kila nikiamka nasikiliza kwanza kama mnapumua." Na hapo chozi alilolizuia siku arobaini likatoka, nalo halikutoka peke yake. Lubaba alipomwona mama yake analia, naye akalia, kwa sauti kubwa, kilio cha mtoto. Safana, ambaye kwa kulia hakuhitaji kufundishwa, akaja mbio akajiunga nao.

Ummu Kulaib aliwaacha mpaka wakatulia kidogo, kisha akakohoa.

"Mimi si msomi, Bi Rabab. Ila maiti ninamwosha mara tatu, ikizidi sana saba, kisha namkabidhi kwa Mola wake. Huyu mzima mmemwacha ajioshe mara ngapi? Kunawa tumeamrishwa, mwanangu, nawa. Lakini anayehuisha na kufisha ni Mmoja, wala hashindani na birika lako."

Rabab akakumbuka kiriba cha maji ya kunywa kilichotundikwa jikoni. Akakitungua, akampa Lubaba ampelekee mgeni. Mtoto akakiweka chini, akarudi nyuma.

"Hapana," akasema Ummu Kulaib, "mimi mgongo unaniuma, siinami. Nipe mkononi."

Lubaba alimtazama mama yake, akakiokota, akakitoa. Ummu Kulaib hakukipokea kiriba tu. Alikishika pamoja na viganja vya mtoto, akavibana, ndipo akaenda zake.

Kesho yake asubuhi mlango ukagongwa kwa kishindo. "Lubaba! Mikono yako imenigusa na bado nipo! Nimekula na nimeshiba!" Na kesho kutwa vivyo hivyo, na kila siku iliyofuata, mpaka mtaa mzima ukajua kwamba Ummu Kulaib ni mzima. Lubaba alianza kumsubiri nyuma ya mlango, na siku moja Rabab akamsikia akicheka.

Rabab naye alipanda darasani akawaambia wanawake, "Mliyemwita walii alikuwa mtoto mwenye hofu, na mliyemwita mwenye subira ndiye aliyemtia hofu hiyo. Niombeeni dua." Wapo waliomshangaa. Wapo pia walioshuka mapema siku hiyo, wakawaendea watoto wao.

Maradhi ya moyo hayatoki kwa siku moja, na Lubaba aliendelea kuchelewa kwenye birika. Rabab hakumkemea tena, wala hakumsifu. Alikuwa akiswali na Safana, akimwachia nafasi ubavuni pake. Mpaka Alasiri moja, akiwa katika rukuu ya rakaa ya kwanza, akasikia birika likiwekwa chini. Likanyanyuliwa. Likawekwa chini tena. Kimya. Kisha nyayo zilizolowa maji juu ya jiwe.

Rabab akairefusha rukuu ile, kwani aiwahiye rukuu huhesabiwa rakaa nzima. Akasabihi mara tatu, mara tano, mara saba. Mgongo ulimuuma, na Safana akanong'ona, "Mama, umelala?" Lakini hakuinuka, mpaka aliposikia sauti ndogo ikitoa takbira ubavuni pake, na mtoto akainama, akaiwahi rakaa.

Wenzangu, neno tunalolitupa kwa hasira sisi twalisahau, na mtoto analihifadhi kama alivyohifadhi sura ya Alhamdu. Hutolewa vyema na yule yule aliyelitia. Mola atupe ulimi wa kusema "nilikosea" mbele ya wadogo wetu, kabla hatujasimama mbele Yake.