Kesi ya Kibuyu na Kiboko

"Haya, paukwa."

"Pakawa."

"Hiyo ni pakawa ya wagonjwa. Paukwa."

"Pakawa!"

"Mdomo?"

"Mkubwa kuliko kichwa."

"Cheko?"

"Kubwa kuliko mdomo."

Basi tulieni. Ngano hii akiisimulia mwingine, amenisikia mimi.

Hapo kale lilishuka jua. Si jua hili lenu la kuanikia dagaa. Jua lile, samaki walikuwa wanajipepea. Mto ulikauka, mpaka kivuli cha mto kikakauka. Nasema kidogo ili mniamini. Likabaki bwawa moja tu, na ndani ya bwawa kajilaza nani? Kiboko. Kalijaza kama ugali kwenye sufuria.

Ukienda kunywa, Kiboko anafumbua mdomo, kwaaa. "Majani yako wapi?"

Unampa mzigo wa majani.

"Haya, nisifu."

Unamsifu.

"Haya, kunywa funda moja, potea."

Nyati analeta majani, anasifu, anakunywa funda, anapotea. Swala analeta majani, anasifu, anakunywa funda, anapotea. Kindi je? Kindi ni kadogo kama ngumi ya mtoto, mzigo wa majani atauweka wapi? Akaenda na ujani mmoja. Kiboko akamtazama kwa jicho moja, la pili akaona asilisumbue.

"Huo ni mzigo au ni kijiti cha meno?"

"Mkubwa, wanangu ndimi zimegandia juu."

"Basi wasiseme sana."

Kindi akarudi kwake. Hakulia, machozi nayo ni maji. Akatafuta kibuyu kikubwa, akakipasua kati, akakifunga kwa kamba ya mkonge. Akakitia meno ya mianzi na masikio ya maganda ya mbuyu. Akaingia ndani, akavuta kamba: kwaka. Akaachia: kwaka. Kikaragosi cha Kiboko hicho, mdomo uleule, jeuri ileile. Akakiweka juu ya kichuguu, kando ya njia ya bwawani.

Nyati huyo anakuja na mzigo wake, kichwa chini, ti ti ti.

Kibuyu kikafumbua mdomo, kwaka. "Majani yako wapi?"

Nyati akapiga magoti, akaweka mzigo.

"Haya, nisifu."

"Mkubwa, una sura nzuri," Nyati akasema. "Shingo yako ndefu, kiuno chembamba."

Kwaka, mdomo ukafunguka, Kindi akatoa kichwa katikati ya meno. "Ahsante, mzee Nyati. Tangu nizaliwe sijasifiwa kiuno."

Vichakani walikuwa wamejaa watazamaji. Swala akacheka mpaka akaanguka, puu. Lakini wengine walinuna.

"Huo ni utovu wa adabu," Nyati akasema. "Mimi na mapembe haya, napigia magoti chombo cha togwa?"

"Mapembe tumeyaona, mzee," Swala akamwambia. "Yalikuwa yamegusa chini."

"Mkubwa hachezewi."

"Mkubwa gani? Kile kibuyu."

"Kibuyu kina mdomo wake."

"Kumbe umeujua."

Pundamilia akasema, "Mie ubavu huu umecheka, ubavu huu umeudhika." Ngiri akasema mzaha wenyewe haukolei, mdomo wa Kiboko ni mkubwa zaidi ya pale. Maneno yakawaka njia nzima, mtu na shemejiye hawasalimiani.

Kiboko akasikia. Akapanda kutoka majini, gudu gudu gudu, akaitisha baraza.

Sasa mila ya baraza lao ilikuwa hivi. Mshitaki anasimama pale mbele, hakai, hanywi, haondoki, mpaka kila aliyeona kitu aseme alichokiona. Akiondoka kabla, kashindwa. Na kila upande unaweka rehani kile unachokipenda.

Korongo ndiye mwenye baraza, kasimama kwa mguu mmoja. "Kiboko, unaweka nini?"

"Naweka bwawa," Kiboko akasema, kifua mbele. "Kesi yenyewe ya panya wa mtini."

"Kindi, unaweka nini?"

"Naweka koo langu na makoo ya wanangu. Nikishindwa, hatunywi mpaka masika."

Masika ilikuwa mbali, na kindi hana nundu ya kuhifadhi maji.

Kiboko akaanza. "Kanisingizia. Mimi sina mdomo ule. Mimi sifokei watu vile."

"Aliyeona kitu aseme," Korongo akaita.

Nyati akasema. Swala akambishia Nyati. Ngiri akawabishia wote. Kila anayemaliza koo limemkauka, anateremka bwawani, maana leo halina bwana. Gugu gugu gugu. Analowa, anapata nguvu, anarudi kubisha upya.

"Yupo ambaye hajasema?" Korongo anauliza.

"Yupo."

Pundamilia akasema ubavu wa kwanza. Akaenda, gugu gugu gugu. Akarudi, akasema ubavu wa pili.

"Yupo ambaye hajasema?"

"Yupo."

Jua nalo limekaa juu ya mgongo wa Kiboko kama kikaango. Ngozi ikaanza, kacha. Ikapasuka, kacha. Jasho jekundu likamtoka.

"Fupisheni basi," Kiboko akasema.

"Mkubwa, jambo lako zito," Kindi akamjibu. "Halitaki haraka."

"Yupo ambaye hajasema?"

"Kobe," Kindi akasema. "Aliona vizuri kuliko wote. Yule kule anakuja."

Wakatazama. Kobe yule, kama jiwe linalofikiria kuhama. Akafika jua likiwa palepale, au labda lilimngoja. Akasema, "Kabla sijasema, nisalimie wazee. Mzee Nyati, hujambo? Mama hajambo? Na ng'ombe wa shemeji yako, wale wa kule..."

Kiboko hakungoja ng'ombe. Gudu gudu gudu, chubwi!

"Kesi imekufa," Korongo akasema, akashusha mguu wa pili.

Wanyama wakashuka wote. Wana wa Kindi walikunywa wamekaa juu ya pua ya Kiboko, na Kiboko kabakiza pua na masikio tu nje. Mpaka leo mchana hujificha majini, na jasho lake jekundu.

Nyati akainua kichwa, ndevu zinachuruzika. "We Kindi, uliwapangaje wale wabishane vile?"

"Sikumpanga mtu, mzee. Ukionyesha mzaha, hakuna haja ya kupanga."

"Hata hivyo ni utovu wa adabu," Nyati akasema, akainama tena. Gugu gugu gugu.

Ngano imekomea hapo. Mwenye kiu akanywe, mwenye hasira akasimame juani. Na fundisho lake mlishike: watoto, msiwacheke wakubwa. Mzaha haujawahi kumpatia mtu maji.