Ukili wa Mize

Ukili usiovuka mlango haulazi mwana. Mmeisikia leo ikisemwa, mkauliza ilikotoka. Basi tulieni, chanzo chake ni hiki.

Makame na Subira waliachana baada ya mavuno ya mpunga. Hapakuwa na matusi. Talaka Mungu ameiruhusu, na yaliyokwisha yamekwisha. Mtoto wao Mize, wa miaka minane, akawa wa nyumba mbili: wiki kwa baba, wiki kwa mama, kitongoji cha pili.

Mkeka wa zamani, ule aliokuwa akilala katikati, baba kushoto na mama kulia, hakuna aliyeutaka. Ukapewa jirani.

Mize akaazimia kujitengenezea wake. Bibi yake, mama wa Makame, alikuwa amemfundisha kusuka ukili, ule ukanda mrefu wa miyaa, majani ya ukindu, unaoshonwa ukawa mkeka. Lakini kila alipotoka kwa baba na ukili wake kwapani, Makame alimwambia, "Uache, mwanangu. Vya hapa vibaki hapa." Akaanza mwingine kwa mama. Subira naye, "Uache. Vyangu usivipeleke huko."

Miyaa ikikaa wiki bila kuguswa hukauka, na ncha ya ukili hufumuka. Basi kila akirudi, Mize alifumua, akaanza tena. Mwaka ukapita hivyo. Mkeka wa mtu mwingine hakuukubali. Alitandika kanga sakafuni, akalala.

Siku moja bibi alimkuta kwa Makame, hapo chini, anakohoa. Alikwenda mwenyewe kwa Subira, akarudi naye na ule ukili ulioachwa kwake, akamwita na Makame. Akavitandaza vipande viwili, kile cha kwa mama na kile cha kwa baba.

"Makame, lala hapo."

"Mama! Hapo hata paka atabakiza mkia nje."

"Subira, mwanangu, lala wewe."

Subira aliinama. "Hautoshi hata mguu, mama."

"Na huyu anasuka mwaka mzima. Alale wapi?"

Makame akamgeukia mtoto. "Mbona hukusema, Mize?"

"Mlisema niuache."

Bibi akaviunga vipande vikawa ukili mmoja. "Siwaambii mrudiane. Hilo mnalijua nyinyi na Mola wenu. Ila mtoto apite na chake."

Tangu wiki ile Makame aliubeba ukili mwenyewe hadi mlangoni kwa Subira. Subira aliupokea, akailoweka miyaa. "Umefika pima ngapi?" "Sita." Hayo tu, kisha Makame hurudi zake.

Ulipotosha, bibi akaushona. Alishangaa: Mize alikuwa amesuka wa watu watatu.

"Mpana wote huu, mjukuu wangu?"

Mize aliutandika. Alijilaza katikati, akaacha nafasi kushoto, akaacha nafasi kulia, akalala usingizi mzito. Asubuhi aliukunja, akautia kwapani, akaenda kwa mama, na hakuna aliyemwambia auache.

Ndipo bibi aliposema, na watu wakashika: ukili usiovuka mlango haulazi mwana.