Yai Linaloachwa Kiotani

Kisu kirudi jikoni kwanza, mama Upendo. Hakuna kuku atakayechinjwa hapa leo, labda nife mimi kwanza. Najua, wiki ya tatu hii hamjaona yai hata moja, na pumba wanakula kama wageni wa harusi. Mmelaumu paka, mmelaumu jirani, sasa mnataka kulaumu kuku wenyewe. Kaeni hapo kwenye jamvi. Nanyi watoto, acheni kusukumana. Mimi nilielezwa na bibi yangu mzaa mama kwa nini kuku huacha kutaga, na yule bibi hakuwa mtu wa porojo.

Zamani kuku hakujua kupumzika. Alitaga masika, alitaga kiangazi, alitaga hata kipupwe, ukungu ulipolala milimani wiki nzima na watu wakashindwa kutoa mikono kwapani. Manyoya aliyoota ukubwani ndiyo aliyozeeka nayo. Na watu wakiokota mayai waliokota yote, kwa kuwa walijua kesho watakuta mengine. Nani angejisumbua kubakisha?

Basi kule milimani walikotoka watu wetu alikuwako mama mmoja jina lake Nakiete. Alikuwa na moyo mzuri, lakini usafi wake, jamani, ulikuwa ugonjwa! Alifagia nyumba, akafagia ua, akafagia na njia mpaka mlangoni kwa jirani, wala hakuombwa. Alikuwa na mtetea mmoja tu mwenye madoadoa, aliyetaga ndani ya tenga kuukuu karibu na mafiga. Kila asubuhi Nakiete aliokota yai, akalikung'uta lile tenga nje, akatupa nyasi za jana pamoja na kila unyoya uliokuwamo, kisha akaweka nyasi mpya.

Nakiete alikuwa na mtoto wa kiume, Senkoro, na mke wa Senkoro aliitwa Mbonea. Mtoto wa kwanza wa Mbonea, wa kike, aliishi miezi mitano, homa ikamchukua. Siku ileile ya mazishi, Mbonea akiwa bado ameshikiliwa na wanawake huko nje, mama mkwe wake aliingia chumbani na ufagio. Alitoa mbeleko, akatoa kibuyu kidogo cha uji, akatoa na kamba ya shanga aliyokuwa akivaa mtoto kiunoni. Alisiliba sakafu upya. Mbonea aliporudishwa ndani alikuta chumba kinanuka udongo mbichi, hamna kitu, utadhani hapajawahi kulala mtoto. Nakiete alifanya vile kwa huruma, ili mwenzake asiumie kila anapogeuza macho. Mbonea alisema, "Asante, mama," akageukia ukutani.

Baada ya miaka miwili alijifungua tena, mtoto wa kiume. Desturi yao ilikuwa hii: mzazi hatoki nje siku arobaini, na kila siku hupewa bakuli la uji uliokorogewa yai, kwa maana waliamini huo ndio unaoshusha maziwa. Siku kumi na mbili mambo yalikwenda vizuri. Siku ya kumi na tatu tenga lilikuwa tupu. Ya kumi na nne, tupu. Ikapita wiki. Maziwa ya Mbonea yakapungua, na yule mtoto akaanza kulia kilio chembamba cha njaa. Watu wote wa nyumba ile walikumbuka kwamba kilio kile walikisikia mara ya kwanza kwa yule mtoto aliyezikwa, ila hakuna aliyethubutu kusema.

Nakiete alihangaika, maskini. Kwanza alisema ni nguchiro anaiba. Senkoro akaziba kila tundu la ukuta, na mama yake akamwaga majivu kuzunguka tenga ili aone nyayo za mwizi. Kulipokucha aliona nyayo za kuku peke yake. Akasema basi anataga vichakani. Akamfuata kutwa nzima, miiba ikamchana miguu, na kuku hakufanya lolote ila kutembea na kudonoa. Mwisho akamkamata, akampapasa kwa kidole kama wanavyofanya wazoefu, akakuta hamna yai lililo njiani. Majirani wakasema huyo amezeeka, supu yake itamfaa mzazi kuliko kumtazama bure. Lilikuwa shauri la maana. Nakiete akamwambia Senkoro anoe kisu, jioni wakitoka shamba atachinjwa.

Wote walikwenda kulima, akabaki Mbonea na kichanga chake. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akishinda ndani ya nyumba ile, na siku zote alilala amegeukia ukutani. Siku ile aligeuka. Alimwona kuku anaingia, anapanda kwenye tenga, anazifukua nyasi kwa mdomo kama mtu aliyepoteza kitu. Hakukuta kitu. Akainamisha kichwa, akajing'oa unyoya kifuani, akaulaza kwenye nyasi. Akang'oa mwingine, kisha mwingine.

Mbonea aliinuka akamshika. Kifua chote kilikuwa uchi, chekundu, na baridi ilikuwa imemkamata hadi anatetemeka. Ndipo alipoelewa. Kuku alidhani mayai yake hupotea kwa sababu kiota ni cha baridi, akawa anakitandikia mwili wake mwenyewe. Kila asubuhi Nakiete aliokota yai la jana, akatupa na manyoya ya jana, naye akaanza upya, mpaka hakubaki na joto la kutengenezea yai.

Watu waliporudi walimkuta Mbonea amekaa chini, mkono mmoja mtoto, mapajani kuku amefunikwa kwa mbeleko. Senkoro alikuwa na kisu mkononi.

"Mama," Mbonea akasema, "huyu hajazeeka. Kila siku anaacha mtoto wake hapa, na akirudi hakuti hata alama kwamba alikuwapo." Kisha akasema lile alilolinyamazia miaka miwili. "Na mimi wangu mlimfagia hivyo hivyo."

Nakiete alisimama na jembe lake begani. Aliliweka chini, akaingia chumbani kwake, akapapasa chini ya paa, akatoka na kibuyu kidogo cha uji. Alikiinamisha juu ya kiganja cha Mbonea, ikadondoka kamba ya shanga.

"Sikuweza kuvitupa," alisema. "Niliogopa ukiviona utakufa kwa kilio, mwanangu. Nisamehe."

Wakalia wote wawili, kwa sauti, kilio cha msiba uliokuwa haujaliliwa. Kisha Nakiete akajifuta, akaenda kwa jirani, akarudi na mayai mawili. Moja lilikwenda kwenye uji. Jingine aliliweka ndani ya tenga, juu ya manyoya, na hakugusa unyoya hata mmoja. Bibi yangu aliapa kwamba maziwa ya Mbonea yalishuka hata kabla uji haujachemka. Kuku naye walimwekea ulezi, wakamwacha karibu na moto hadi manyoya yakamrudia, na alipopona alitaga pembeni ya lile yai, akaatamia, akaangua.

Na tangu siku hiyo kila kuku, majira yake yakifika, hunyonyoka manyoya, hunyamaza na kuacha kutaga mpaka mwili wake upate joto tena. Hagomi, anapumzika. Na ndiyo maana ukiokota mayai huachi kiota kitupu, unabakisha moja.

Haya, nendeni mkamtazame yule kuku mweupe, hapo shingoni, mtaona nilichowaambia. Si wewe, mama Upendo, wewe baki kidogo. Ile kofia ndogo ya sufu ya marehemu mjukuu wangu, iliyo chini ya mto wako, nimeiona siku nyingi nikitandika. Asubuhi umeniambia nifanye usafi chumbani kwako, nitoe kila kitu.

Nitafagia, mkwe wangu. Ile kofia itabaki hapo hapo ilipo.