Njugu Elfu Moja na Moja

Paukwa!
— Pakawa!
Chungu kimefunikwa.
— Kifunue tuone!

Hapo kale, wanyama walikuwa na chungu kimoja cha mbegu, njugu mawe elfu moja na moja. Idadi hiyo aliichagua Bibi Kobe kabla hajafa, na hakuichagua ovyo. Zigawe kwa saba, hazibaki. Zigawe kwa kumi na moja, hazibaki. Zigawe kwa kumi na tatu, haibaki hata moja. Na nyumba zilikuwa tatu: kina Kanga saba, kina Ngedere kumi na mmoja, kina Nungunungu kumi na watatu.

Kila mwaka, kabla ya mvua, mbegu ziligawiwa nyumba ya kwanza, zikarudishwa chunguni, zikagawiwa ya pili, kisha ya tatu. Mafungu yakilingana kote, mbegu zimetimia, watu wapande kwa moyo mweupe. Mlinzi wa chungu alikuwa Nungunungu baba, mwenye heshima zake.

Siku moja njaa ikambana. Akasema moyoni, moja katika elfu, nani atajua? Akaila. Mbichi, wala haikuwa tamu.

Siku ya kugawa ikafika. Kina Kanga wakapata mia moja arobaini na tatu kila mmoja, ila kifaranga wa mwisho zake zilipungua moja. Nungunungu akajua. Lakini badala ya kusema, akamkaripia mtoto wa watu: "Panua mdomo."

Kifaranga akapanua mbele ya wote. Hamna kitu. Nungunungu akacheka, akasema ndege hawajui kuhesabu.

Zikarudi chunguni. Kina Ngedere, tisini na moja, tisini na moja. Wa mwisho tisini. "Panua mdomo." Akapanua huku analia. Hamna kitu. Nungunungu akasema ngedere nao hawajui kuhesabu, ila safari hii hakucheka.

Zikarudi chunguni. Sasa nyumba yake mwenyewe. Sabini na saba, sabini na saba, hadi kwa kitindamimba wake, Tunu. Sabini na sita. Na Tunu kuhesabu alifundishwa na yeye.

Wote wakamtazama Nungunungu. Tunu hakungoja kuambiwa. Alimsogelea baba yake, akapanua mdomo mpaka kooni.

"Angalia, baba. Mimi sikula."

Nungunungu alitamani ardhi immeze. "Funga mdomo, mwanangu," akasema. "Niliila mimi."

Akawapigia magoti kifaranga na ngedere mdogo, mmoja mmoja. Walimsamehe, lakini chungu wakampa mwingine. Haya haikumtoka. Ndiyo maana hadi leo nungunungu hutoka kukiwa giza, kichwa chini.

Wenzangu, elfu haifichi moja. Kuiba ni aibu, lakini kumpanulisha mdomo asiyekula ni aibu zaidi.

Ngano yangu nimeirudisha chunguni, haijapungua. Ila njugu za kukaanga hapa zilikuwa kumi nilipoanza, sasa naona tisa. Msinitazame mimi.