Mto wa Foronya Saba

Mtu mmoja alikuwa na sauti nzuri na pua iliyomshinda. Jina lake Elinami, na kanisani kwao, huko milimani, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Lakini kila alfajiri aliamka akipiga chafya, macho yakimwasha, pua imeziba, na saa ya ibada ilipofika sauti ilikuwa imekwama kooni. Wanakwaya walimtania: "Leo besi tunayo, na chafya tunayo." Kisha wakaacha kutania. Mwalimu wa kwaya akamwambia kwamba asipopata nafuu kabla ya Sikukuu ya Mavuno, wimbo wa shukrani utaanzishwa na mwingine.

Elinami akatafuta adui. Akachungulia dirishani, akaona mahindi ya jirani yake Mgonja yametoa mbelewele, na upepo ukipeperusha unga wake wa njano. Akamwendea, akamwomba akate mistari miwili ya karibu na dirisha.

Mgonja akaguna. "Jirani, huu ni ugali wa wanangu. Lakini kama ndiyo dawa yako, haya."

Akakata. Kesho yake Elinami akapiga chafya kumi na moja.

Akajifukiza majani ya mkaratusi, akapumua vizuri hadi jioni. Alfajiri, chafya. Basi akaanza kuutazama mstari wa tatu.

Hapo mkewe, Nanzia, akasema: "Baba Mbonea, juzi ulilala kwa dada yako, mahindi pande zote, ukaamka bila chafya hata moja. Adui yako hayuko shambani. Unamlalia."

Elinami alikasirika. Mto ule aliolalia alipewa na marehemu mama yake siku ya harusi, na kwao mto wa harusi haufumuliwi. Ukichakaa, huvalishwa foronya mpya juu ya ile kuukuu. Sasa ulikuwa na foronya saba, na ya juu ilikuwa nyeupe, imetariziwa maua. Nani angekishuku kitu cheupe namna ile?

Hata hivyo aliuchukua hadi uani, akavua foronya moja moja. Ya tatu ilikuwa imegeuka manjano. Ya tano ilikuwa imegeuka kijivu. Ya saba ilimchanikia mkononi, na ndani yake sufi ilikuwa imegeuka vumbi. Akapiga chafya mpaka akakaa chini, na mkewe akacheka mpaka akakaa naye.

Vumbi wakalifukia. Foronya zilizofaa wakazichemsha, wakazianika juani, wakashona mto mpya, na tangu hapo foronya yake ilivuliwa na kufuliwa kila juma. Kila jioni Elinami alisafisha pua kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye chumvi kidogo. Msimu wa mbelewele bado humtoa chafya mbili tatu. Hunawa uso, akaendelea na kazi.

Sikukuu ya Mavuno ilipofika, kwanza alimimina debe la mahindi yake katika kikapu cha Mgonja. Kisha akasimama mbele, akavuta pumzi kwa matundu yote mawili ya pua, akaanzisha wimbo. Sauti ikashuka mlimani, na waliochelewa njiani wakaanza kukimbia. Mgonja aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nawe unayemkatia jirani mahindi yake, mto wako umeufungua lini?