Kuku Sita wa Waziri

Hapo zamani, zama ambazo wafalme hawakukosea na mawaziri hawakusema uwongo, yaani zamani sana, katika mji mdogo wa Mtangani alikuwako fukara mmoja jina lake Faki. Mali yake yote ilikuwa ulimi na kuku jike mmoja, na kuku ndiye aliyemlisha, kwa kuwa ulimi ulimletea fimbo tu.

Ikawa Sultani Badri ataka kumtahiri mwanawe, akaamuru kila nyumba ilete kuku watano wa karamu. Waziri Nasibu, msomi asiyepata kutia mguu uwani kwa mtu, alikwisha letewa jumla ya kuku wote wa mji, wa jumba la Sultani wakiwamo, akawagawa sawasawa kwa nyumba zote. Akatangaza, "Kila nyumba ina kuku sita. Watoe watano, wabaki na mmoja wa kuwaamsha."

Faki akacheka mbele za watu. "Hao watano wangu nimewatafuta hata uvunguni. Labda wamejificha nyuma ya yule mmoja."

Basi akaletwa kwa Sultani. "Wamkadhibisha waziri wangu? Kesho nionyeshe mji wote humu ukumbini, kila nyumba na kuku wake, niuone kwa kutupa jicho mara moja. Wala asiingie mwenye nyumba, wala kuku. Ukishindwa, shingo yako ndiyo itakayofungua karamu."

"Ewallah, bwana wangu," akasema Faki.

Akapita nyumba kwa nyumba, na kila mwenyewe akampa kete moja ya bao, akamwambia ana kuku wangapi. Asubuhi akapiga mstari wa mkaa sakafuni, toka mlangoni hata kiti cha enzi, akautia alama shibiri kwa shibiri: ya kwanza ya asiye na kuku, ya pili ya mwenye mmoja, ya tatu ya mwenye wawili, vivyo hivyo hata mwisho. Kisha akaweka kila kete penye alama yake, zilizolingana zikifuatana safu moja.

Sultani akatazama. Kete zilisongamana kule mlangoni, na mbele yake sakafu ilikuwa tupu.

"Penye safu ndefu ndipo ulipo mji wako, bwana," akasema Faki. "Kuku wawili, kuku mmoja, na wasio na hata unyoya."

"Na penye sita pana nini?"

"Vumbi, bwana wangu. Huo ndio mji wa waziri."

Waziri akakohoa. Sultani akauliza, "Basi hiyo sita imetoka wapi?"

Faki akatoa kete ya mwisho. "Imesalia nyumba moja, na alama yake imeangukia kitini. Namwomba bwana asimame kidogo."

Sultani akasimama, kete ikawekwa juu ya mto wake, peke yake. "Nyumba hii ina kuku mia na ushei," akasema Faki. "Ndiyo iliyotutajirisha sote, na habari hatuna."

Faki akaanza kuiaga shingo yake. Sultani akaikodolea macho ile kete, akaona haya, kisha akacheka kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe. "Karamu itatoka nyumba hii. Na waziri, bingwa wetu wa kuku, ndiye atakayewanyonyoa."

Ikawa karamu njema. Faki alikula mapaja mawili, akarudi kwake, akamkuta kuku wake ametaga. Waziri naye alipoulizwa habari za kazi, alisema kwamba kwa hesabu yake kila nyumba ya mji ilinyonyoa kuku wanne. Lakini vidole vilivyovimba vilikuwa vyake peke yake.